Ugezi wa vifaa kwanza, modeli baadaye

Mhariri,

Mimi ni fundi wa maabara ya fizikia chuoni. Wanafunzi wa uzamivu hunijia na modeli safi za kompyuta, ilhali kipimajoto chenyewe hawajakifanyia ugezi, yaani kuhakiki usahihi wake, hata kwa barafu inayoyeyuka, ambayo lazima isome sifuri.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha vipimo vya jambo hilo. Watafiti wa Uingereza wakaonyesha mwaka 2016 kwamba kipimajoto kikiwekwa sentimita moja juu au chini ndani ya maji, jibu la yapi yametangulia, ya moto au ya baridi, laweza kugeuka. Sentimita moja tu!

Naviomba vyuo vitenge fungu la ugezi katika kila bajeti ya uzamivu, na wasimamizi wadai daftari la vipimo kabla ya kusoma sura ya modeli.

Fundi Maabara,
Morogoro