Kipato cha wastani: waliogoma kujibu mmewaweka wapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo hapa. Kila mara nasoma kwamba kipato cha wastani cha kaya ni shilingi kadhaa, basi imeisha hiyo, hakuna anayesema wangapi waligoma kujibu. Mimi nimefanya kazi ya udadisi, yaani kuhoji kaya kwa ajili ya takwimu, nimegonga milango na tableti mkononi, najua ile namba inavyopatikana.

Unafika kwa mama mwenye duka, mwenyekiti wa mtaa kakaa pembeni maana ndio kakuleta, majirani wanachungulia, halafu unamuuliza kwa mwezi unaingiza shingapi. Nani atasema kweli hapo? Anawaza kodi, anawaza shemeji atakuja kukopa, anakutajia laki moja wakati fremu peke yake analipia laki na nusu. Na wenye mageti hata hawakufungulii.

Sasa tuseme kaya 100, zimejibu 60, wastani wao laki 2. Wengi wanaishia hapo. Lakini watakwimu Hansen na Hurwitz walishaonyesha toka 1946 kwamba wale 40 unachagua wachache kwa bahati nasibu, tuseme 10, unamtuma mdadisi mzoefu awafuate mpaka wajibu. Wakitoa wastani wa laki 5, hiyo inabeba wote 40, na wastani wa kaya 100 unakuwa laki 3 na elfu 20. Ona tofauti hiyo!

Kuhusu uongo, mtafiti Stanley Warner mwaka 1965 alileta njia ya kumficha anayejibu, yake ilikuwa ya maswali ya ndiyo na hapana, baadaye ikaja ya namba. Mama anachomoa kadi kwenye mfuko, hamuonyeshi mtu, anajumlisha namba ya kadi na kipato chake, anakutajia jumla tu. Wewe hujui kadi yake ila unajua wastani wa kadi zote ni elfu 50, kwa hiyo kwenye wastani wa majibu yote unatoa elfu 50 na siri ya mama inabaki kwake. Inabidi uhoji watu wengi zaidi maana kadi zinayumbisha majibu, ni kweli, lakini msiniambie mama zetu hawataweza hesabu hiyo, hao hao wanaoendesha vikoba bila kupotea hata mia.

Kadi haiponyi usahaulifu lakini. Bodaboda anakumbuka hela ya jana, ya mwezi anakisia, mkulima anahesabu magunia aliyouza, aliyokula nyumbani hayataji. Makosa ya kupanda na kushuka yanafutana kwenye wastani, yale ya wote kushusha hayafutani hata uhoji watu milioni, ndio maana wachache lazima warudiwe kwa kupima vitu vyenyewe, magunia, daftari la mauzo.

Naomba mwandishi wenu akiletewa wastani aulize wangapi walikataa, wangapi walifuatwa tena, na mama wa duka aliulizwa mbele ya nani.

Mdadisi wa zamani, Morogoro