Krediti Zikubaliwe Kabla ya Safari: Risala ya Wanafunzi wa Masomo ya Kimataifa, Kisumu

Mheshimiwa mgeni rasmi, naibu chansela, mkuu wa kitivo, wahadhiri wetu, wazazi na walezi mliofika kutoka Siaya, Vihiga, Busia, Homa Bay na hapa hapa Kisumu, wanafunzi wageni mliotoka ng'ambo, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Sisi wanafunzi wa masomo ya kimataifa tuna furaha kubwa kukukaribisha katika hafla hii ya kuwaaga wenzetu wanaokwenda kusoma muhula mmoja katika vyuo vikuu vya nje, na kuwapokea waliotoka huko kuja kusoma nasi. Tunafahamu kuwa una majukumu mengi, na umetuheshimu sana kwa kuzungukia meza za maonyesho na kuwasikiliza wanafunzi mmoja mmoja kabla ya kuketi jukwaani. Kwa ruhusa yako, risala hii haitagusa kila kitu. Tumeamua kulieleza jambo moja kwa urefu, nalo ni kwamba kozi anazokwenda kusoma mwanafunzi wetu ng'ambo zikubaliwe na kuhesabiwa na chuo chake kwa maandishi kabla hajaondoka, ili asije akaanza kuziombea akisharudi.

Mheshimiwa, eneo hili halikuanza leo kupeleka watoto wake kusoma mbali. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya, ambaye amezikwa katika kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya ghuba hii. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikwenda Atchison, Kansas, akasomea biolojia. Jaramogi Oginga Odinga naye aliwatafutia vijana wengine nafasi katika Muungano wa Kisovieti na nchi za Ulaya Mashariki. Wakati ule Kenya haikuwa na chuo kikuu chake yenyewe. Mtu aliondoka kusoma shahada nzima, akarudi na cheti kamili, na hapakuwa na haja ya kuunganisha masomo ya huku na ya kule. Mwanafunzi wa leo anakwenda kwa miezi minne au mitano tu, kisha anatarajiwa kurudi na kumaliza shahada yake pamoja na darasa alilolianza nalo. Ndiyo maana suala la krediti, yaani vipimo vya kuhesabia masomo aliyomaliza mwanafunzi, ambalo kwa wengi huonekana kuwa la makarani, kwetu ni suala la mwaka mzima wa maisha ya mtu na karo ya mzazi wake.

Kabla ya kufika hapo, turuhusu tueleze tunachosoma, kwa kuwa wazazi wengi wametuuliza leo kama masomo ya kimataifa ni kozi ya kuwafanya watu mabalozi. Balozi anaweza kutoka kwetu, na tunaomba atoke, lakini kozi yenyewe ni pana zaidi. Inachanganya uhusiano wa kimataifa, sheria, uchumi, historia, lugha na mbinu za utafiti, na kwa bahati njema sisi tunaisoma mahali ambapo mifano yake iko nje ya dirisha. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa Kisumu. Tunaposoma mikataba ya maji, tunasoma habari za ziwa linaloutoa Mto Nile. Tunajifunza kwamba Kenya ilitia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile mwaka 2010, na kwamba mkataba huo ulianza kutumika Oktoba 2024 baada ya nchi sita kuuridhia, Kenya ikiwa bado haijauridhia. Tunaposoma biashara ya kimataifa, wazee wa ufuo wa wavuvi wa Dunga wanatukumbusha jinsi bei ya samaki aina ya mbuta ilivyoanguka mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipolifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa hofu ya sumu zilizotumiwa kuvulia.

Muhula uliopita tulikwenda Busia pamoja na wanafunzi wageni. Katika kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi chini ya paa moja, tulisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa na magunia mawili ya maharagwe na karatasi ndogo mkononi. Karatasi hiyo ilikuwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho humwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha mazao ya Afrika Mashariki yenye thamani isiyozidi dola 2,000 bila ushuru wa forodha. Ofisa aliisoma, akauliza maharagwe yalivunwa wapi, akagonga muhuri, na mama akaenda zake. Mgeni wetu mmoja alikuwa amesoma sura nzima kuhusu maeneo huru ya biashara akiwa kwao, lakini akakiri kwamba hakuwahi kufikiri kuwa eneo huru la biashara linaweza kutegemea kama mama amepata karatasi hiyo au ameikosa. Sisi nasi tulishangaa, kwa kuwa baadhi yetu tumezaliwa umbali mfupi kutoka hapo na hatukuwahi kuitazama karatasi ile. Hiyo ndiyo faida ya kusoma pamoja na watu wa nchi nyingine.

Sasa tuje kwenye kiini. Mgeni aliyekwenda nasi Busia aliandika ripoti, akapewa alama, na alama hizo zilikuwa na mahali pake pa kuingia katika rekodi yake hata kabla hajafika Kenya. Chuo chake kilikuwa kimesoma muhtasari wa kozi, kikakubali kuwa itahesabiwa badala ya kozi fulani ya kwao, na mshauri wake akatia saini. Alikuja moyo wake ukiwa umetulia. Mwanafunzi wetu anayekwenda upande wa pili mara nyingi huondoka na barua ya pongezi tu.

Mwenzetu mmoja, ambaye ametukubalia tumtaje bila jina, alitoka katika chuo kimoja cha eneo hili la magharibi akasoma muhula mmoja Ulaya. Alichukua sheria ya wakimbizi, siasa za Umoja wa Ulaya, takwimu za sayansi ya jamii na lugha ya Kijerumani, akafaulu zote. Aliporudi na transkripti yake, yaani rekodi ya kozi na alama zake, idara ilimwambia kuwa takwimu alizosoma si sawa na kozi yao ya mbinu za utafiti, kwa sababu majina hayafanani. Kuhusu sheria ya wakimbizi aliambiwa kwamba saa za darasani zilikuwa pungufu. Barua yake ilitoka ofisi moja hadi nyingine, kila ofisi ikiamini kuwa uamuzi ni wa ofisi ya pili. Mwishowe alirudia muhula mzima, na wenzake wakahitimu wakimwacha. Mama yake, anayeuza omena sokoni, alilipa karo ya masomo ambayo binti yake alikuwa amekwisha kuyasoma na kuyafaulu.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Tumejaribu kuelewa kwa nini hutokea, na tumeona kuwa chanzo kikubwa ni vipimo visivyolingana. Huko Ulaya, mwaka kamili wa masomo ni krediti 60 za ECTS, mfumo wa vyuo vya huko wa kulinganisha krediti, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, iwe darasani, maktabani au chumbani kwake. Marekani, mwanafunzi huchukua krediti kama 15 kwa muhula na shahada ya kwanza hufikia takribani 120. Kwetu kozi ya kawaida hupimwa kwa saa 45 za darasani. Sasa chukua kozi ya krediti sita za ECTS, ambayo ina saa 150 hadi 180 za kazi kwa jumla, lakini mhadhiri anafundisha saa 30 tu na zilizobaki ni za kusoma, kuandika na kufanya utafiti. Msajili wetu akitafuta saa 45 na kuona 30, ataamini kwa moyo safi kuwa kozi ni nyepesi. Mwenzake wa kule akiiangalia kozi yetu kwa kipimo chake, naye anaweza kudhani kuwa sisi hatusomi chochote nje ya darasa. Ni wafanyabiashara wawili, mmoja anapima kwa gorogoro na mwingine kwa kilo, na mahindi ni yale yale.

Dawa ya tatizo hili si ngeni wala haihitaji fedha nyingi. Katika mpango wa kubadilishana wanafunzi uitwao Erasmus, ulioanzishwa Ulaya mwaka 1987, ambao katika sura yake ya sasa umekuwa ukipokea wanafunzi wa vyuo vya Afrika tangu 2015, kuna mkataba wa masomo unaotiwa saini na pande tatu kabla ya safari: mwanafunzi, chuo kinachompeleka na chuo kinachompokea. Karatasi yenyewe ni ya kawaida sana. Jedwali la kwanza lina kozi atakazosoma ugenini pamoja na krediti zake, na la pili lina kozi za nyumbani zitakazohesabiwa kuwa zimekamilika akifaulu zile. Akifika akute kozi imefutwa au ratiba zinagongana, mabadiliko huandikwa na pande zote tatu hutia saini tena. Ofisi yoyote ikiulizwa baadaye, jibu liko kwenye karatasi.

Tungependa pia kusema kwamba safari ya kusoma si lazima ivuke bahari. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo letu kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limekuwa likishughulikia viwango vya pamoja. Kuna pia mkataba wa UNESCO wa kutambua sifa za elimu ya juu barani Afrika, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 2014 na kuanza kutumika 2019. Mwanafunzi wa Kisumu anaweza kupanda basi jioni akaamkia Kampala. Akisoma muhula mmoja Makerere, au Dar es Salaam ambako Kiswahili chake kitanolewa kweli kweli, atakuwa amesoma nje kwa sehemu ndogo ya gharama ya kwenda Ulaya. Tunaamini wengi zaidi wangekwenda huko kama krediti zingekuwa na uhakika, na kusema kweli tunasikitika kwamba baadhi yetu tunazifahamu barabara za London kwa majina kuliko mji wa Jinja, ulio jirani.

Gharama tutazitaja kwa ufupi. Anayekwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya huko wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za kuomba viza, na ubalozi ukimkataa, fedha za viza hazirudi. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini tangu Septemba 2024 mwanafunzi anayejigharimia kwa kawaida huonyesha euro 11,904 katika akaunti maalumu ambayo humruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Kwa sababu hiyo njia ya kubadilishana wanafunzi kati ya vyuo viwili, ambapo kwa kawaida kila mmoja hulipa karo nyumbani kwake, ndiyo inayomfaa mtoto wa mkulima wa Kakamega au mvuvi wa Usenge. Wazazi wetu, tafadhali, mtu akija na fomu ya chuo cha ng'ambo na kudai fedha ziingie katika akaunti yake binafsi, au akikataa kuonyesha barua iliyotoka chuoni kwenyewe, msilipe. Bado hatujasahau wazazi wa Bonde la Ufa Kaskazini walioandamana mwaka 2023 baada ya kulipia masomo ya watoto wao Finland na wengi wao wasisafiri.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi letu la kwanza na kubwa ni kwamba ututilie mkono ili mkataba wa masomo wa pande tatu uwe sharti kwa kila mwanafunzi anayeondoka hapa, na mwanafunzi asipewe barua ya ruhusa mpaka majedwali yote mawili yajazwe. Tunaomba pia ofisi moja tu ipewe mamlaka ya kuamua ulinganifu wa kozi, na itumie kipimo cha kazi yote ya mwanafunzi badala ya saa za darasani peke yake. Uamuzi ukishatolewa kuhusu kozi fulani uwekwe katika daftari, ili mwanafunzi wa mwaka ujao asianze kuuliza upya.

Tunaomba vilevile kozi fupi ya maandalizi katika muhula unaotangulia safari. Humo mwanafunzi ajifunze kusoma muhtasari wa kozi ya kigeni, kuandika insha kwa mtindo wa huko na kueleza habari za nchi yake kwa ukweli na ujuzi. Wanafunzi wageni waliopo hapa wako tayari kusaidia, na wametuambia hivyo bila kuombwa. Wao nao wanaomba saa zaidi za Kiswahili na Kidholuo kabla ya kupelekwa kuishi na familia za Manyatta na Nyalenda, kwa kuwa kwa sasa wanafika nyumbani kwa watu wakiwa na maneno ya salamu tu.

Mwisho, mikataba ya masomo ya wenzetu wanaoondoka mwezi ujao bado haijatiwa saini na chuo chetu. Fomu zao zimejazwa, kozi zimechaguliwa, na vyuo vinavyowapokea vimekwisha kutia saini kwa upande wao. Kwa heshima zote, naibu chansela akiwa hapa na mkuu wa kitivo akiwa hapa, tunaomba fomu hizo zisainiwe leo baada ya chakula. Tumezileta. Ziko kwenye meza ya msajili karibu na mlango.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanafunzi wa masomo ya kimataifa,
Kisumu.