Maandalizi ya Marko 16

Habari zenu ndugu. Alhamisi tunachambua mwisho wa Injili ya Marko: je, 16:9–20 ni sehemu ya kitabu cha awali au iliongezwa baadaye? Kwa hiyo naomba kila mmoja aje amesoma.

Soma 16:1–8 kisha simama. Je, kitabu kinaweza kuishia "kwa maana waliogopa"? Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, hati za kale za Biblia ya Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, zote za karne ya 4, zinaishia hapo hapo.

Sasa soma 9–20 polepole. Mstari wa 9 unamtambulisha Maria Magdalene kana kwamba ni mgeni, ilhali ametajwa katika mstari wa 1. Kwangu mshono huo, yaani dalili kwamba sehemu mbili zimeunganishwa, una uzito sawa na hati zenyewe.

Tafadhali msihesabu nakala! Nyingi zina mistari hiyo, lakini nakala mia zilizotoka kwa moja ni shahidi mmoja tu. Pimeni umri, asili, na usomaji upi (yaani maandishi yenye mistari hiyo au yasiyo nayo) unaeleza kuzuka kwa mwingine: mnakili huongeza mwisho unaokosekana kwa urahisi kuliko kufuta uliopo.

Wala msiseme ni nyongeza ya juzi. Irenaeus, askofu wa karne ya 2, alinukuu 16:19 mnamo mwaka 180 hivi.

Mje na Biblia zenye tanbihi. Zisizo nazo huficha tatizo lote.