Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi na Nyumba, Kaunti ya Mombasa: hizi slabu juu ya kuta za chokaa

Mheshimiwa, asalaam aleikum.

Najua ukisikia mtu wa Mombasa anakuandikia mambo ya tetemeko la ardhi utacheka kidogo, useme huyu naye kwao hakuna shida ya maji? Ipo, tena tele, lakini hii nayo naomba uisome.

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku hivi, ardhi ilitikisika. Chanzo kilikuwa baharini huko Tanzania upande wa Dar es Salaam, ukubwa kama 6, na huku Mombasa watu walihisi, mpaka Nairobi. Ikapita, tukarushiana vichekesho kwa WhatsApp, basi. Sasa angalia tetemeko la Bukoba, huko huko Tanzania, Septemba 2016. Lile lilikuwa 5.9, yaani halikulishinda la baharini, ila lilipiga karibu na watu, nyumba za matofali zikaanguka na watu wasiopungua 17 wakafa. Sisi tulinusurika kwa umbali tu mheshimiwa, sio ati tumejenga vizuri kuliko wao.

Nyumba zetu za Mji wa Kale unazijua. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli, sakafu zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Ukuta kama huo kubeba uzito unaoshuka chini hauna neno, umebeba miaka na miaka. Lakini tetemeko linasukuma kwa ubavu, na vichwa vya boriti vimeingizwa tu ukutani havikufungwa, kwa hivyo ukuta wa mbele unaachana na sakafu unaangukia njiani. Na zile njia za Kibokoni kwa ndani mkokoteni ukikutana na pikipiki lazima mmoja asubiri, sasa wewe utakimbilia wapi?

Tena kinachonikera sio walivyojenga wazee, ni tunavyorekebisha sisi. Boriti ikioza fundi anaitoa, anamwaga slabu ya zege na vyuma juu ya ukuta ule ule wa chokaa, mwenye nyumba anaongeza gorofa ya kukodisha, halafu nje inapigwa plasta ya simiti ing'are. Simiti inafungia unyevu ndani, chokaa inalegea pole pole na wewe ukipita huoni kitu, unaona rangi.

Kuna mji wa milimani huko Italia waitwa Amatrice, nyumba za mawe za zamani, watu walitoa mapaa ya mbao wakaweka ya zege, mazito, wakidhani ndio uimara. Agosti 2016 likaja tetemeko la 6.2 usiku watu wamelala, na yale mazege yakashuka nao. Eneo lile walikufa karibu watu 300. Norcia, mji mwingine wa milima hiyo hiyo, siku hiyo hakufa mtu, maana baada ya matetemeko ya 1979 na 1997 nyumba nyingi ziliimarishwa. Na kuimarisha kwenyewe njia moja si ya ajabu: chuma kirefu kinapitishwa kutoka ukuta wa huku hadi wa kule, nje kunawekwa bamba, linakazwa kwa nati. Fundi yeyote wa kuchomelea mageti hapa mjini anaweza kulikata hilo bamba kabla ya adhuhuri.

Basi ombi langu. Plani ya kuongeza gorofa Mji wa Kale isipitishwe mezani, injinia aende kwanza akaangalie ukuta wa chini umejengwa kwa kitu gani. Aanze na nyumba zenye madrasa na zile ambazo slabu ishamwagwa. Ila tafadhali msije mkatupigia X nyekundu ya kubomolewa mlangoni mkaondoka, wengi wetu ni wapangaji, na nyumba nyingine ni urithi wa watu kumi wasiosikizana hata kwa bomba la maji.

Kaeni pia na watu wa Makumbusho ya Taifa, wanaolinda majengo ya kale, mkubaliane mbao gani itumike badala ya boriti. Mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe, lakini bila mbadala wa bei nafuu fundi atarudi kwa zege tu.

Bajeti ijayo tengeni pesa za nyumba chache za kujaribia, hata nne, mafundi wa mtaa waitwe waone bamba linavyokazwa na chokaa inavyochanganywa. Mkiniita nitakuja kubeba ndoo.

Mimi mpangaji, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale