Mbunge wa upinzani hali posho ya bure: tazameni Tonga

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mbunge wa upinzani, katika bunge lililojaa watu wa serikali, anakula posho ya bure kwa sababu hoja zake zinaangushwa kila siku. Wanaosema hivyo ni wengi, na wengi wao wanasema kwa uchungu wa nchi yao. Mimi nimefuatilia siasa za visiwa vya Pasifiki kwa miaka mingi, na kuna mtu mmoja huko ambaye maisha yake yote yanapingana na wazo hilo. Anaitwa ʻAkilisi Pōhiva, wa Tonga.

Tonga ni ufalme wa watu wapatao laki moja, na katiba yake ni ya mwaka 1875. Hadi mwaka 2010 Bunge lake lilikuwa hivi: wananchi wa kawaida, yaani karibu nchi nzima, walichagua wabunge tisa. Makabaila wenye vyeo vya kurithi, ambao hawafiki hata 40, nao walichagua tisa. Juu yao waliongezwa mawaziri walioteuliwa na mfalme mwenyewe, wakaingia bungeni kwa cheo chao. Kwa hiyo hata wabunge wote tisa wa wananchi wangesimama pamoja bila mmoja kuyumba, wangeshindwa tu. Ndani ya Bunge hilo Pōhiva aliingia mwaka 1987, na wapiga kura wa kisiwa kikuu cha Tongatapu wakawa wanamrudisha uchaguzi baada ya uchaguzi.

Alikuwa mwalimu. Mwaka 1985 serikali ilimfukuza kazi baada ya kushiriki kipindi cha redio kilichokuwa kikihoji mambo ya nchi. Aliishtaki serikali hiyohiyo mahakamani, na akashinda. Huo ndio ukawa mtindo wake hadi uzeeni: kura ikimshinda bungeni, anakwenda kwa jaji, na kwa jaji napo akishindwa, anakwenda kwa wananchi. Yeye na wenzake walikuwa na kijarida, Keleʻa, na humo mkulima wa viazi vikuu angeweza kusoma habari za posho za wabunge wake. Katika nchi ambayo mkubwa hahojiwi hadharani, hilo lilikuwa jambo zito sana.

Kisa cha pasipoti ndicho ningependa msomaji mwenzangu akisome polepole. Miaka ya 1980 serikali ya Tonga ilianza kuwauzia wageni pasipoti, na pesa zilizopatikana ziliwekwa benki nchini Marekani. Pōhiva alifungua kesi akidai kwamba biashara hiyo inakiuka katiba. Kesi ikiwa bado mahakamani, mwaka 1991 serikali iliitisha kikao maalumu cha Bunge, ikabadilisha katiba ili yaliyokwisha kufanyika yawe halali. Kwa hesabu ya kura, Pōhiva alishindwa vibaya. Lakini mwaka huohuo watu waliandamana katika mji mkuu, Nukuʻalofa, kumpelekea mfalme malalamiko yao, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa katika nchi ile. Na pesa zenyewe je? Ziliishia mikononi mwa mshauri wa fedha Mmarekani, Jesse Bogdonoff, ambaye mfalme alimpa pia cheo cha mchekeshaji rasmi wa ikulu. Dola zipatazo milioni 26 zikapotea. Mali ya umma ya nchi maskini, imekwenda hivyohivyo! Aliyekuwa ameuliza mapema pesa hizi zinalindwaje ni yule mbunge ambaye kura yake haikuwahi kutosha.

Walimwadhibu, bila shaka. Mwaka 1996 Bunge lenyewe lilimhukumu kifungo cha siku 30 pamoja na wahariri wawili wa gazeti la Taimi ʻo Tonga, kwa kuchapisha habari za hoja ya kumshtaki waziri kabla haijawasilishwa. Mahakama Kuu iliamuru watolewe kabla siku hazijaisha. Baadaye alishtakiwa kwa uchochezi, akaachiwa huru.

Sitaki kumpamba kuliko alivyokuwa. Novemba 16, 2006 maandamano ya kudai mageuzi yaligeuka vurugu, sehemu kubwa ya kitovu cha biashara cha Nukuʻalofa ikateketea na watu wanane wakafa. Askari wa Australia na New Zealand wakaletwa kutuliza hali. Pōhiva alikuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu lile, na ingawa mashtaka dhidi yake hayakufika mbali, naamini viongozi walioita watu barabarani wanabeba sehemu ya lawama. Na alipokuja kuwa Waziri Mkuu aligombana na waandishi wa shirika la utangazaji la taifa waliomhoji kwa ukali. Hilo linaniuma zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe alikaa gerezani na wahariri.

Hata hivyo mageuzi yalikuja. Mfalme George Tupou V alikubali kuachia sehemu kubwa ya madaraka yake, na uchaguzi wa 2010 ukafanyika kwa mpango mpya: viti 17 vya wananchi, tisa vya makabaila. Chama cha Pōhiva kilipata viti 12, na bado uwaziri mkuu ukaenda kwa kabaila, Lord Tuʻivakanō. Mzee akarudi kukaa upinzani miaka minne mingine. Desemba 2014, akiwa na miaka 73, Bunge lilimchagua kwa kura 15 dhidi ya 11, akawa mtu wa kwanza asiye kabaila kuchaguliwa na Bunge kuwa Waziri Mkuu wa Tonga. Agosti 2017 Mfalme Tupou VI alivunja Bunge kabla ya muda wake. Uchaguzi ukaitishwa Novemba 16, siku ileile ya kumbukumbu ya vurugu. Wananchi wakampa viti 14 kati ya 17.

Alifariki Septemba 12, 2019 katika hospitali ya Auckland, akiwa bado madarakani. Mwezi mmoja kabla, akiwa mgonjwa, alikuwa amekwenda Tuvalu kwenye mkutano wa viongozi wa Pasifiki kutetea visiwa vinavyomezwa na bahari.

Sasa nimuulize mwenzangu: kati ya 1987 na 2010, miaka 23, Pōhiva angefuata ushauri wake na kubaki nyumbani, nani angefungua kesi ya pasipoti? Nani angechapisha habari za posho? Makabaila wasingejihoji wenyewe. Hata leo viti vyao tisa vipo palepale, na mfalme bado ana uwezo wa kuvunja Bunge, kwa hiyo kazi haijakwisha kule. Nakuomba, Mhariri, dawati lako la habari za kimataifa lisiandike kuhusu Tonga pale tu volkano inapolipuka au kimbunga kinapopiga. Tuleteeni na habari za Bunge lao.

Msomaji wenu,
Morogoro