Barua kwa mwanangu: kadi ya grafiki ya kompyuta yetu

Tanga, 10 Machi 2026

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika kwa mkono wa yule mwalimu wenu aliyekuja huku msibani, nami nimeisoma baada ya futari. Sisi wazima. Tumo kumi la mwisho, mchana dukani kumepoa, wateja wa kutoa kopi wanaanza kuonekana magharibi ikishapita. Nimepata nafasi ya kukaa na orodha yako ya kadi za grafiki, hivyo vifaa vinavyochora picha za skrini, unazotaka tuchague moja badala ya yetu unayosema imekufa. Salamu umeandika mistari miwili, kadi za grafiki ukurasa mzima na nusu. Haya baba, nami nitakujibu kwa kipimo hicho hicho.

Kwanza nimeifungua kompyuta, maana mimi sinunui kifaa kwa kuambiwa tu kwamba cha zamani kimekufa. Nimelilaza boksi la kompyuta kwenye meza ya kulia, nikatoa ubavu wake mmoja. Skrubu ya kadi imeshika kutu kwa huu upepo wa bahari wa kutwa kucha, ikabidi niizungushe kwa koleo. Feni ilikuwa haizunguki mpaka uisukume kwa kidole: vumbi la Makorora limelowa unyevu likagandia kwenye mapezi ya bati la kupozea. Nimelisugua kwa mswaki na spiriti, nikafuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka nikapaka mpya, nikairudisha. Kisha nikamwita mdogo wako acheze lile gemu lenu la malori. Haikupita robo saa, madoa ya zambarau yakaanza kumwagika upande wa kulia wa skrini, picha ikaganda.

Hapo nikaitoa kadi kabisa, nikachomeka skrini kwenye tundu la mazabodi, ule ubao mkuu, ili tutumie grafiki iliyomo ndani ya prosesa, chipu kuu ya kompyuta. Siku nzima nimechapa kazi za wateja, hakuna doa hata moja. Kwa hiyo umesema kweli, kadi ndiyo inayokufa na vingine vizima. Hii GTX 750 Ti yetu ilitoka Februari 2014, na joto la Tanga unalijua. Yuko fundi Barabara ya Kumi na Mbili aliyetaka nimpelekee aipige hita, yaani aipashe chipu yake moto. Kadi ya namna hii ikipigwa hita huamka kwa muda, halafu inalala tena na pesa yako umeshatoa. Nimemshukuru nikaondoka.

Sasa orodha. Umeanza na RTX 3060, na najua sababu: ina memori ya GB 12 na kila kijana anaitaja. Lakini mimi nimeanza kusoma kibandiko cha pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme humo ndani, na kimeandikwa wati 290. Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 9020. Iliundwa ikae ofisini, iandike barua na kufungua mahesabu, ndiyo maana humo ndani hakuna hata waya mmoja wa kulisha kadi ya grafiki. RTX 3060 peke yake inakula wati 170, na Nvidia wenyewe, wanaounda chipu yake, wanashauri pawa saplai ya wati 550.

Utaniambia tubadilishe pawa saplai. Nimeliangalia na hilo. Plagi ya umeme ya mazabodi yetu ina pini 8, wakati pawa saplai za kawaida zinakuja na pini 24, hivyo hazichomeki bila waya wa kuunganishia. Waya huo unapatikana, sikatai. Lakini hapo tumeshahesabu kadi, pawa saplai na waya, halafu vyote vinakuja kuisubiri prosesa ya i5-4590 ya mwaka 2014 ambayo haina kasi ya kuishughulisha kadi kubwa hivyo.

Sloti yenyewe ya PCI Express, pale kadi inapochomekwa, inatoa hadi wati 75. Hicho ndicho kibaba chetu. Kadi inayotosheka na hicho tunaikaribisha, inayotaka waya wa ziada hatuna cha kuipa. Na muuzaji akikwambia "nitakupa na adapta", ile inayochukua umeme kwenye plagi ya diski ya SATA na kuupeleka kwenye tundu la pini sita, mwambie ahsante. Plagi ya SATA imepimwa kubeba wati 54 kwenye laini ya volti 12, na tundu la pini sita lina haki ya kudai 75. Mteja mmoja aliniletea kompyuta yenye adapta hiyo. Plastiki ya plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na diski, na ndani kunanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Haiingii nyumbani kwangu.

RX 580 inaanguka hapo hapo, maana inataka wati 185. Hata umeme ungekuwepo, ningeinunua kwa mashaka. Nyingi zilikesha miaka zikichimba sarafu za kidijitali, na sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022, kadi za wachimbaji zikamwagwa kwenye masoko ya mitumba. Halafu ziko zinazouzwa kwa jina hilo hilo la RX 580 huku pembeni zimeandikwa 2048SP. Hizo zina viini vya kukokotoa 2048, sawa na RX 570. RX 580 yenyewe ina 2304. Asiyejua kusoma kibandiko analipa bei ya kaka anapewa mdogo mtu.

RX 6500 XT ya 2022 umeipigia mstari mara mbili, na nakiri hata mimi bei yake ilinivutia. Tatizo lake ni hili. Imepewa njia 4 tu za PCI Express za kupitisha data, wakati sloti yetu ina 16. Ilitengenezwa kwa kizazi cha nne, ambacho kila njia hupitisha mara mbili ya kizazi cha tatu, na mazabodi yetu ni ya tatu. Memori yake ni GB 4. Gemu likiijaza, kadi inaanza kuchota kwenye RAM kupitia njia hizo hizo nne zilizopungua nusu, na hapo ndipo lori lako litakuwa linarukaruka barabarani. Na bado inataka wati 107. Ndugu yake RX 6400 anaridhika na wati 53 bila waya wowote, lakini njia ni nne vilevile. Hizi ni kadi za kompyuta mpya kuliko yetu. Za Intel Arc pia tuziache, zinahitaji Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja, ili zifanye kazi ipasavyo, na mazabodi ya umri huu haina.

Mjomba wako yeye anaipigia debe GTX 1050 Ti. Ni ya 2016, wati 75, inaenea kwenye kibaba na bei yake nyepesi. Miaka michache nyuma nisingebishana naye. Lakini Oktoba 2025 ndiyo mwisho ambao Nvidia waliweka wa kutoa draiva (programu zinazoendesha kadi) mpya za gemu kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani hii 750 Ti yetu na hiyo 1050 Ti anayoisifu. Zimebakiziwa marekebisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028. Siwezi kutoa kadi iliyostaafu nikaingiza mstaafu mwenziwe. Tena hiyo 1050 Ti inaghushiwa sana: wanachukua chipu za zamani kama GTX 550 Ti, wanaziandika jina jipya, kompyuta inasoma jina hilo na mnunuzi anarudi kwao anacheka.

Zimebaki mbili. Moja ni GTX 1650, ya 2019, memori GB 4, wati 75. Ya pili ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, wati 70, isiyotaka waya. Angalia, nimesema GB 6. Ile ya GB 8 ina jina hilo hilo na inataka wati 130 na waya wake. Na 1650 nayo ina mtego: ziko zenye tundu la pini sita na ziko zisizo nalo, inategemea aliyeiunda. Ndiyo maana nimemwambia mjomba wako asinitumie picha ya boksi, anitumie picha ya ukingo wa juu wa kadi, mwanzo hadi mwisho. Nikiona tundu, hatuichukui.

RTX 3050 ni bora, sikufichi. Ina memori zaidi na ni mpya zaidi. Ina njia 8 tu, lakini nane kwenye kizazi cha tatu si shida kubwa. Ila mjomba ameulizia Kariakoo: 1650 ya mtumba ametajiwa laki mbili na themanini, na hiyo 3050 mpya bei inayozidi mara mbili ya hapo. Zamu yangu ya upatu inaangukia baada ya Idi na nimekutengea laki tatu na nusu. Chochote zaidi ya hapo kinagusa ada ya mdogo wako.

Na kompyuta yenyewe ifikirie. Windows 10 iliyomo iliacha kupewa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa yetu ni ya kizazi cha nne, Windows 11 rasmi inaanzia cha nane. Ukimaliza kidato cha sita na Mungu akajaalia chuo, tutatafuta nyingine. Kuijaza hii kadi ya gharama ni kuipamba nyumba ya kupanga. Ingawa, na hili nalisema kwa haki yako, kadi inahamishika, na 3050 ungeweza kwenda nayo kwenye kompyuta ijayo.

Skrini yetu ni ya inchi 19, nukta 1440 kwa 900, na inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikitoa 100, hizo 40 hutaziona. Kwa skrini ya ukubwa huo 1650 inatosha kwa malori na kwa GTA V, bila wasiwasi. Kwa mpira nenda taratibu: waliotengeneza gemu la FC 24 waliandika 1050 Ti kuwa kadi ya chini kabisa, na 1650 inaipita, lakini prosesa ya chini waliyotaja ni i5-6600K, na yetu iko nyuma ya hapo. Litakaposita usilaumu kadi.

Jambo jingine ambalo hukuliandika kabisa. Skrini yetu ina tundu la VGA tu, lile la zamani la picha ya analogi. Kadi ya zamani tuliiunganisha kwa kile kiadapta cheupe kwenye tundu la DVI. Ukikitazama, pembeni ya ule ulimi bapa kuna pini nne ndogo, ndizo zinazobeba picha ya analogi. Nvidia waliiondoa analogi kuanzia kizazi cha GTX 10, na tundu la DVI la kadi hizi halina vitundu hivyo vinne, kwa hiyo kiadapta hakitaingia hata ukikisukuma kwa nguvu. Nimeagiza kibadilishi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Si ghali, lakini bila hicho ungekuja likizo ukaikuta kadi mpya na skrini nyeusi.

Chenji itakayobaki nataka kuiweka kwenye RAM. Tuna kijiti kimoja cha GB 8, cha aina ya DDR3. Tukiongeza cha pili kinachofanana nacho, prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja, na malori yako yatalifurahia hilo kuliko unavyodhani. DDR3 za mitumba zimejaa, hata kwa mafundi wa hapa Ngamiani zipo.

Mjomba anakwenda Dar baada ya Idi. Nimemwandikia karatasi: kadi ichomekwe dukani mbele yake, ifunguliwe GPU-Z, programu ya kuitambua kadi (tangu toleo la 2.12 la 2018 huandika FAKE mbele ya jina la kadi ya Nvidia iliyoghushiwa), kisha iendeshwe FurMark, programu ya kuichosha kadi, robo saa huku anatazama skrini na kusikiliza feni. Muuzaji akisema umeme hamna au kompyuta ya kujaribia imeharibika, mjomba anywe soda yake arudi. Kadi ipakiwe kwenye mfuko wake, si kwenye buti la basi. Na ikifika hapa itakaa nyuma ya stebilaiza, maana masika yanaanza na umeme unaokwenda na kurudi hauchagui kifaa kipya wala cha zamani.

Basi nijibu moja tu. Nikununulie 1650 sasa uikute likizo ya Juni, au nizishike hizi laki tatu na nusu mpaka Desemba tuongezee tupate 3050? Mimi ningechukua 1650. Lakini kompyuta ni yako na baba yako anasema nikuachie uamue. Mpe jibu huyo huyo mwalimu, asikae nalo mfukoni.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama sweta la bibi bado linakutosha. Mdogo wako anakusalimu pia. Anasema kwenye gemu la malori umemwachia deni la benki, na kila akishusha mzigo wanamkata.

Mama yako