Judit Polgár hakuwahi kuwa bingwa wa wanawake

Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu wanawake wa sataranji, Judit Polgár wa Hungaria alitajwa kuwa bingwa wa dunia wa wanawake. Taji hilo alilitwaa dada yake, Zsuzsa, mwaka 1996. Judit hakuligombea hata mara moja, wala si kwa kuogopa: aliamua kupambana na walio bora, wawe wanaume au wanawake.

Uamuzi huo ndio uliomjenga. Mwaka 1991, akiwa na miaka 15, alipata cheo cha grandimasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa sataranji, akiwa mdogo kuliko Bobby Fischer, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alipokipata. Mwaka 2002, mjini Moscow, alimkabili Garry Kasparov, namba moja duniani wakati huo. Mfalme wa Kasparov alikuwa bado katikati ya ubao kete za Judit ziitwazo ngome zilipomvamia, naye Kasparov akasalimu amri. Kufikia 2004 Judit alikuwa wa nane duniani, wanaume wakiwemo.

Nawaomba waandaaji wa mashindano wasimfungie msichana mwenye kipaji kwenye kundi la wasichana pekee. Wamwandikishe pia kwenye mashindano ya wazi, tena angali mtoto. Nanyi mnapoandika habari za Judit, mtajeni kwa nafasi hiyo ya nane.

Msomaji wenu,
Tanga